Kofia ya Kitu Kisichofikika

Pale Chuo Kikuu cha Hohenrade, Ujerumani, mtu akipata shahada ya udaktari kofia yake hutengenezwa na wenzake wa kazini, na haijawahi kuwa vinginevyo. Ukiandika tasnifu juu ya nyuki, wanakubandikia nyuki wa karatasi. Ukiandika juu ya reli, unashinda na kigari moshi utosini huku watu wakikupongeza. Watu wa kemia kazi hiyo wanaimaliza mchana mmoja wakinywa bia. Kasheshe ilianza ilipofika zamu ya watu wa falsafa, maana Torben Quast alikuwa ameandika kurasa mia tatu na ushee kuthibitisha kwamba kila kitu duniani, kuanzia mlima hadi kijiko, kina kiini kilichojificha, hakionekani, hakishikiki wala hakifikiriki, na kwamba vitu viwili havijawahi kugusana kwa kweli hata siku moja. Sasa hebu wewe chukua mkasi ukikate hicho kiini ukibandike kwenye kofia.

Kazi ilimwangukia Gesine Ohlendorf. Yeye na Torben walikuwa wakikaa chumba kimoja, meza ikitazamana na meza, tangu waanze udaktari wao wote wawili. Gesine alikuwa anampenda Torben. Tuliseme mapema ili tusisumbuane baadaye. Alimpenda vibaya sana, na hakuwahi kumwambia, kwa sababu kila alipopata ujasiri wa kufungua mdomo, Torben alikuwa ameshaanza kueleza jinsi kijiko na supu visivyofikiana. Utamwambiaje mtu wa namna hiyo? Na muda ulikuwa umekwisha. Ijumaa hii Torben anatetea tasnifu yake. Jumatatu anapanda treni kwenda mji wa Rostock, ambako amepata kazi kwa sharti moja tu, afike akiwa daktari. Kama Gesine alikuwa na la kusema, siku yake ilikuwa hiyo Ijumaa.

Kikao cha kofia kilikuwa aibu tupu. Mmoja alisema kofia ibaki tupu, bila pambo. Mwenzake akamrukia kwamba kofia tupu inaonyesha utupu, na utupu unaoonyeshwa umeshafikika. Wa tatu akataka wasitengeneze kofia kabisa, halafu wamvike. Mwishowe wakakubaliana: juu ya kofia kikae kisanduku kilichofungwa kwa gundi, na ndani yake kitu ambacho hakuna anayekijua.

"Lakini atakayekitia si atakijua?" mmoja akauliza.

"Atafumba macho," akajibu Gesine.

Watu wazima, wenye shahada zao, wakaona jibu hilo linatosha kabisa. Wakapiga kura wakaenda zao kula.

Sasa Gesine alikuwa na lake moyoni. Siku ya kwanza kabisa walipokutana katika chumba kile, yeye alikuwa na penseli bila kifutio. Torben, bila hata kuuliza jina lake, alichukua kifutio chake kipya kabisa akakikata vipande viwili, akamsukumizia kimoja juu ya meza. "Chukua," alisema. "Mimi nakosea kidogo tu." Ungedhani msichana angechukia majivuno hayo. Wapi! Gesine alikitumia kipande kile miaka yote, kikachakaa, kikaviringika, kikabaki kijitu cha ukubwa wa haragwe, rangi ya ngozi ya mtu, chenye kidoa cha wino wa kijani cha ile siku kalamu ya Torben ilipopasuka. Hicho ndicho alichotaka kukitia kisandukuni. Torben atembee nacho juu ya kichwa chake siku nzima bila kujua, halafu jioni, watu wakishatawanyika, Gesine amwambie kilichomo na kwa nini. Ndio mpango wote. Aliufanyia mazoezi mbele ya kioo.

Asubuhi ya Ijumaa kofia ilikuwa juu ya meza ya Bibi Lühmann, katibu wa idara, katika chumba chenye mashine ya kahawa. Gesine akaweka kifutio chake karibu na kofia, upande wa kulia, mahali ambapo mkono ungekifikia bila kupapasa. Akagundua gundi imekauka. Akatoka kwenda kutafuta nyingine.

Waliopita nyuma yake hawakuwa watu wa heri. Waliingia Profesa Aschenbrenner na Profesa Tiedtke, na walipoingia hao wawili pamoja, hata mashine ya kahawa ilikuwa haisikiki. Aschenbrenner ndiye aliyemsimamia Torben, baba yake wa udaktari kama wanavyosema wenyewe, na kweli alimdekeza kama baba. Alikuwa mtu wa uhalisia: jiwe lipo, ulifikirie usilifikirie, na lilikuwapo kabla hujazaliwa wala halikukungoja. Tiedtke alikuwa mama wa udaktari wa Gesine, bibi mfupi mwenye koti jekundu, mtu wa maada: jiwe lipo, ndiyo, na wewe ni jiwe vilevile, ila umejifunza kulalamika. Mtu wa kando angedhani wanakubaliana. Walikuwa wamegombana tangu enzi za ujana wao, na kila mmoja alimwona mwenzake ndiye anayeiharibu Ulaya.

Tiedtke sikio lake la kulia lilikuwa limekufa siku nyingi. La kushoto lilisaidiwa na kifaa kidogo cha kusikia, cha rangi ya ngozi, ambacho kikibanwa hupiga mluzi, kilichochomekwa ndani kabisa, na bibi huyu alikuwa na tabia yake: Aschenbrenner akianza kuhutubia, yeye hukichomoa kifaa, hukiweka mezani, na kuendelea na kahawa yake kwa amani. Ndivyo alivyofanya asubuhi ile. Alikiweka juu ya meza ya Bibi Lühmann, karibu na kofia. Miwani hakuvaa, hakuvaa kamwe. Alisema maada haina haja ya kutafutwa, inakuja yenyewe ikugonge.

Gesine akarudi na gundi. Wazee walikuwa wamempa mgongo, mmoja anapaza sauti, mwingine anakoroga sukari.

"Habari za asubuhi," akasema.

"Mwambie!" Aschenbrenner akamgeukia. "Mwambie mama yako kwamba bahari haihitaji ruhusa ya mabaharia!"

"Nitamwambia, Profesa," akasema Gesine, akaiendea kofia.

Na hapa ndipo mtu wa kawaida angetazama anachokishika. Anadanganya tayari, si ndiyo? Ameshachagua kitu, ameshajua ni kipi, sheria ya kikao ameivunja. Basi atazame tu, amalize. Lakini Gesine alikuwa amesoma falsafa mno. Alihisi kwamba akifumba macho, angalau jambo hili litakuwa na heshima fulani. Akafumba, tena akafumba kwelikweli bila kuchungulia. Mkono ukaenda kulia, ukagusa kitu kidogo, laini, cha mviringo, chenye joto kidogo. Jua la dirishani, akawaza. Akakitia juu ya pamba iliyokuwa kisandukuni, akafunika, akapaka gundi kote kote, ndipo akafumbua macho. Akabeba kofia akaondoka nayo.

Nyuma yake Bibi Tiedtke alimaliza kahawa, akapapasa mezani, akaokota kijitu cha rangi ya ngozi, akakichomeka sikioni. Kikaingia vizuri. Kikakaa barabara kuliko hata kile cha daktari wake.

Ukumbi ulijaa. Torben alikuwa amevaa suti ya kaka yake, mikono imepita kidogo, na rangi imemtoka usoni kwa hofu. Aschenbrenner hakumtisha. Aliyemtisha ni Tiedtke, ambaye mwaka uliopita alimliza kijana mmoja kwa sababu ya rejeo la chini ya ukurasa. Torben alieleza kazi yake kwa nusu saa: meza haifikii sakafu, sakafu haifikii meza, kila kitu kimejifungia chumbani mwake. Kisha Aschenbrenner akauliza swali la kirafiki, likajibiwa. Kisha Tiedtke akainuka.

"Nina swali moja," alisema, kwa sauti kubwa kupita kawaida yake. "Kama vitu havigusani, imekuwaje kuna jambo lolote limewahi kutokea?"

Torben akaanza. Akazungumza juu ya tabaka na vivuli, juu ya mguso usio mguso, akajikanyaga, akarudi nyuma, akaanza upya. Hata Gesine, aliyekuwa akimpenda, alimwonea haya. Watu walisubiri Tiedtke amrukie. Tiedtke akaitikia kwa kichwa. Torben akashtuka, akaongeza jambo la kijinga zaidi. Tiedtke akaitikia tena, akatabasamu.

"Bibi Tiedtke ana nini leo?" Bibi Lühmann akamnong'oneza Gesine. "Anaumwa?"

"Labda amependezwa."

"Yeye? Hajapendezwa tangu ukuta wa Berlin uanguke, na siku hiyo pia alinuna."

Gesine akamtazama vizuri mama yake wa udaktari. Bibi alikuwa ameinamisha kichwa upande, mwanga wa dirisha ukipiga sikio lake la kushoto, na ndani ya sikio lile palikuwa na kidoa cha kijani.

Akatazama tena. Kijani. Mungu wangu, akawaza, kifutio changu. Na papo hapo likafuata wazo la pili, baya zaidi: basi kwenye kofia nimetia nini? Akakumbuka lile joto.

Haya, tumtendee Gesine haki, maana dakika zile zilimtesa. Angesimama akasema, "Samahani, Profesa hasikii kitu, ana kifutio sikioni," mtihani ungevunjika. Ungeahirishwa hadi vuli, si mapema zaidi. Rostock wasingengoja. Torben angerudi kwenye meza yake, mkabala na ya Gesine, na wangekaa pamoja mwaka mwingine mzima. Akaona mkono wake mwenyewe unataka kuinuka. Alilitaka jambo hilo hadi machozi yakamlenga. Akautia mkono chini ya paja akaukalia. Aende zake awe daktari, akajiambia. Kama nampenda, na aende.

Wakubwa wakatoka kwenda kushauriana. Hawakukawia. Huko ndani, kama ilivyojulikana baadaye, Aschenbrenner alipendekeza alama ya juu kabisa akijiandaa kwa vita, na Tiedtke, aliyeona midomo ikichezacheza na akawa na kiburi cha kutosha kutokiri kwamba kifaa chake kimekufa, akaitikia kwa kichwa. Aschenbrenner alirudi ukumbini macho yamejaa maji. Alimkumbatia Torben mbele ya watu.

"Heshima ya juu kabisa," alisema. "Na si hilo tu. Mwanangu, umemgeuza Tiedtke. Mimi nimehangaika maisha yangu yote nimeshindwa. Ametukubali!"

Sherehe ilikuwa uani, chini ya madirisha ya idara. Palikuwa na saladi ya viazi, mvinyo wa mapovu katika vikombe vya plastiki, na katikati ya meza yule kalunguyeye wa nyama ya nguruwe mbichi ya kusaga, miiba yake vitunguu na macho yake zeituni, ambaye Wajerumani hawa wanampaka kwenye mkate na kumla huku wakikuangalia kwa nini wewe huli. Gesine hakuweza kula chochote. Alipoletewa kofia amvike Torben, alimvika akiangalia kando.

"Mbona umekuwa hivyo?" Torben akamwuliza. Alikuwa na furaha, sura yake ya kila siku imerudi. "Ni nzuri mno, Gesine. Ndani kuna nini?"

"Hakuna ajuaye."

"Safi kabisa! Na kisifunguliwe kamwe. Nitakwenda nayo Rostock hivi hivi."

Watu wakapiga makofi. Torben akainama kuwashukuru, na kofia ikapiga mluzi.

Ulikuwa mluzi mwembamba, mkali, unaochoma fizi. Alipoinuka, ukakatika. Watu wakatazamana.

"Simu ya nani hiyo?" akauliza Bibi Lühmann.

Torben akainama tena, taratibu, kwa wasiwasi. Kofia ikapiga mluzi tena, mrefu zaidi.

"Kitu chenyewe!" Aschenbrenner akapiga kelele. "Mmekisikia? Kipo! Hakuna anayekifikiria, na kinapiga mluzi!"

"Hakitakiwi kusikika," alisema Torben, amepauka. "Profesa, kikisikika sura ya nne ya tasnifu yangu yote imekwisha."

"Achana na sura ya nne! Inuka. Inama. Inuka. Inama!"

Basi daktari mpya wa falsafa akawa anainama na kuinuka katikati ya uwanja, kofia ikilia na kunyamaza, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakijisahau kwa kicheko. Mtu mmoja tu hakugeuza hata shingo. Bibi Tiedtke alikuwa amesimama penye meza akipaka nyama kwenye mkate kwa utulivu.

Aschenbrenner akamwendea na vikombe viwili. Furaha ilikuwa imemlevya kabla ya mvinyo. Akainua mkono watu wanyamaze.

"Mwenzangu mpendwa," alisema. "Leo mbele ya mashahidi hawa naomba tuzike yaliyopita. Je, unakubali kwamba kijana huyu amesema kweli?"

Tiedtke aliona kikombe kinamjia, akaitikia kwa kichwa, akakipokea.

"Na unakubali kwamba uhalisia umeshinda?"

Akaitikia tena. Akatabasamu.

"Na kwamba vitabu vyako, niwie radhi, vyote sita, vilipotea njia?"

Bibi Tiedtke akainua kikombe juu, akawapungia watu, akanywa. Uwanja mzima ukashika midomo. Wengine walianza kupiga makofi, kwa huruma au kwa hofu. Bibi akayapokea makofi yale kwa kuinamisha kichwa chake cheupe, amefurahi, hajui lolote, na Gesine akaona hawezi. Mwanamke huyu alimfundisha kila alichokijua. Alimkemea, alimfokea, alimlipia kodi ya nyumba mwezi mmoja wa shida na kumkataza asimshukuru. Na sasa anachekwa uwanjani akitabasamu.

"Basi!" Gesine akapiga ukelele. "Basi, Profesa, mwache! Hasikii! Hajasikia hata neno moja tangu asubuhi!"

Akapanda juu ya benchi, akamshika Torben bega, akaingiza kisu cha mkate chini ya kifuniko.

"Unafanya nini?" Torben akaishika kofia kwa mikono miwili. "Gesine, usifungue! Maana yake yote ni kutofunguliwa!"

"Tulia, nitakukata sikio. Masikio ya leo yanatosha."

Kifuniko kikang'oka. Gesine akaingiza vidole kwenye pamba, akatoa kile kifaa, nacho kikapiga mluzi wa mwisho mkononi mwake mbele ya macho ya watu. Akashuka, akamwendea Bibi Tiedtke, akamwekea kiganjani, kisha akagusa sikio lake mwenyewe la kushoto na kuonyesha: toa.

Bibi akakitazama kile kitu. Akajitia kidole sikioni. Akachokonoa kwa muda, akatoa kijitu kingine cha rangi ileile, akakishika mbali na macho, mkono wote umenyooka.

"Hiki nini?" akauliza kwa sauti ya kupasua ukuta.

"Kifutio changu," alisema Torben.

Alikuwa amesogea bila mtu kumwona, kisanduku wazi juu ya kichwa chake na pamba ikining'inia. Hakuwa akimtazama Tiedtke. Alikitazama kile kidoa cha kijani. Halafu akamtazama Gesine.

Bibi Tiedtke akafuta kifaa chake kwenye koti, akakichomeka, akasikiliza ndege kidogo. Kisha akageuka.

"Haya. Nani ameshangilia nini?"

Aschenbrenner alikuwa anakikagua kikombe chake.

"Ulikubali mtihani," alisema hatimaye kwa unyonge. "Heshima ya juu kabisa. Uliitikia."

"Nilitikisa kichwa changu mwenyewe. Kuna sheria inayokataza?"

"Na hapa pia ulikubali kwamba... mambo mengine."

"Hayo nitayashughulikia nikikupata peke yako. Sahihi yangu nimeshaweka?"

"Bado," akasema Bibi Lühmann.

"Na siiweki kwenye jambo nisilolisikia. Bwana Quast! Swali langu ni lilelile. Kama vitu havigusani, imekuwaje kuna jambo lolote limewahi kutokea? Nijibu sasa, nina masikio."

Gesine akafunika uso. Nimemuua, akawaza. Nimemkosesha kazi, nimemkosesha udaktari, na hata sikumwambia. Lakini Torben hakuwa na haraka ya kujibu. Alikuwa amekichukua kutoka kwenye kiganja cha bibi kile kifutio kichakavu.

"Kifute kwanza," alisema Gesine kwa sauti ndogo. "Kimetoka sikioni kwa mtu."

"Hiki ndicho ulichotaka kukitia kwenye kofia?"

"Ndiyo."

"Lakini kingeweza kuwa kitu chochote. Kwa nini hiki?"

Hapo mpango wote wa mbele ya kioo ukayeyuka. "Kwa sababu nakupenda, mjinga wewe!" alisema. "Nimekaa mkabala na wewe miaka yote hii nikikupenda, na wewe unaniambia habari za kijiko! Nilitaka angalau siku moja uwe na kitu changu kichwani mwako."

Mwanafunzi mmoja akaacha kutafuna.

"Bwana Quast," alisema Tiedtke, "nasubiri."

Torben akafungua vifungo vya koti la kaka yake, akaingiza mkono mfuko wa ndani, akatoa kikopo kidogo cha peremende. Ndani yake, kimefungwa kwenye karatasi laini, palikuwa na nusu ya kifutio. Kilikuwa kipya, rangi ileile ya ngozi, pale kilipokatwa bado pana kingo. Akakiweka kiganjani pamoja na kile kichakavu, na vyote viwili vikakaa pale, vimeegemeana.

"Sijui, Profesa," alisema. "Sijui imekuwaje. Lakini limetokea."

Bibi Tiedtke akamtazama yeye na kofia yake ya pamba.

"Hilo," alisema, "ndilo jibu la kwanza lenye akili nililolisikia leo."

"Ndilo jibu pekee ulilolisikia leo," alisema Aschenbrenner.

"Wewe nyamaza, bado sijakumaliza. Bibi Lühmann, kalamu!"

Akatia sahihi palepale mezani, kando ya kalunguyeye, na tone la mafuta ya nguruwe likabaki kwenye karatasi ya udaktari wa Torben Quast mpaka leo. Watu wakapiga makofi ya kweli sasa, kisha wakaivamia saladi, maana njaa ilikuwa imewashika. Wale wazee wawili walisikika wakianza upya kule kwenye mvinyo, Aschenbrenner akisema kitu chenyewe kilipiga mluzi na Tiedtke akisema kilipiga mluzi kwa sababu kina betri.

Gesine na Torben wakabaki kwenye benchi. Torben alikuwa amevua kofia, ameipakata. Gesine akakichukua kile kifutio kipya, akakigeuza, akapitisha kidole kwenye kingo zake. Miaka yote ile alimwona Torben akifuta makosa yake kwa vifutio vingine vya bei rahisi, vya bluu, vinavyochana karatasi, na hakuwahi kujiuliza.

"Mbona hukukitumia?" akamwuliza.

Torben akaiva masikio kwa haya.

"Kingeisha," alisema.

Gesine akakitia kile kipya mfukoni mwake, na kile chake chenye kidoa cha kijani akakifuta vizuri kwa upindo wa sketi, akamfungia Torben mkononi.

"Basi Rostock nenda na hiki," akasema. "Mimi nitakuja na chako Ijumaa ijayo. Kule utakosea sana."